Gia ya low, difu loki, suspensheni ya hewa: kama ni lami tu vinadumu?

Wa_Lami: Wakuu habari, natafuta SUV ya kifahari iliyotumika, mimi na familia ni lami mwaka mzima, porini hatuendi kabisa. Sasa kila ninayoiangalia ina low (gia nzito ya mwendo mdogo wa porini), difu loki (ya kufunga difu ili tairi zizunguke pamoja) na suspensheni ya hewa (mifuko ya hewa badala ya springi). Hivi vitu visipotumika vinadumu au ndo vitanitoa hela mbele ya safari?

Fundi_Difu: Mkuu usiviweke kapu moja. Suspensheni ya hewa unaitumia kila siku hata kwenye lami, mifuko yake ni mpira, inazeeka na kupasuka pale inapojikunja, hewa inavuja usiku taratibu asubuhi unakuta kona moja imelala. Ukiwasha inanyanyuka kwahiyo watu wanapotezea, kumbe kompresa, ile pampu ya kujaza hewa, inahangaika muda wote kufidia mpaka inaungua, mwisho unanunua vyote viwili. Hapo ndo wengi wanaumia.

Low na difu loki ni kinyume, hivyo vinakufa kwa kukaa tu. Mota ya kubadilishia inashika kutu, oil inatulia chini, vya juu vinabaki vikavu. Toyota kwenye vitabu vya baadhi ya gari zao zenye fowili (tairi zote nne kuvuta) ya kuweka na kutoa wanasema uiweke walau kilomita 16 kila mwezi, sababu ni hiyo hiyo ya vyuma kupata oil. Ila aina hiyo usiiweke kwenye lami kavu jamani, ukikata kona gari linajibana, tafuta vumbi au tope.

Kijiti2: Mi naona kwa lami tu asinunue kabisa. Porsche Cayenne ya kwanza ya 2002 ilikuwa na low, ya pili ya 2010 wakaitoa na watu wakaendelea kuinunua. Kama modeli unayoitaka ipo ya springi za chuma chukua hiyo, springi ikichoka unabadilisha unasahau.

Wa_Lami: Nashukuru sana. Na nikikuta nzuri yenye hewa, naikaguaje?

Fundi_Difu: Omba ilale imezimwa usiku kucha, asubuhi kabla haijawashwa pima urefu kila kona, toka katikati ya tairi mpaka ukingo wa bodi. Halafu ipandishe juu kabisa uishushe, sikiliza kompresa. Low weka gari likiwa limesimama, gia kwenye nyutro, taa ikipepesa bila kutulia au ikikataa kutoka, achana nalo. Na uliza oil ya transfa (boksi la kugawa nguvu tairi za mbele na nyuma) na difu ilimwagwa lini, muuzaji akianza kujiuma uma ujue haijawahi kuguswa.