Yule kaka wa vidonge vya ubongo amemdhalilisha mama yangu mbele ya jumuiya nzima!

Mjukuu wa Mwalimu:
Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi. Sitaji jina, mnamjua. Yule wa suti ya bluu na begi la magurudumu, anayezunguka kwenye jumuiya, vikoba na misiba akiuza vidonge vya ubongo. Leo jioni katua kwetu Tabata. Amina ya mwisho haijaitikiwa, keshafungua laptop.

Ile mashine yake si mmeiona? Unashika kifimbo cha chuma, waya unaingia kwenye laptop, dakika moja unasomewa magonjwa yako yote mpaka ya babu yako aliyezikwa enzi za Mjerumani. Na kila aliyeshika, ubongo una tatizo. Mwenyekiti, ubongo. Binti wa Form Two, ubongo. Kichanga angekishika angekutwa na stresi ya ada.

Ikafika zamu ya mama. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, nusu ya waliokaa kwenye ule mkeka kawafundisha kusoma yeye. Kashika kifimbo. Jamaa hata kioo cha laptop hakutazama, kamuuliza, "Bibi, leo tarehe ngapi?" Mama akawa anavuta kumbukumbu kama mtu yeyote. Hajafungua mdomo, jamaa kawageukia watu: "Mnaona?"

"MNAONA?" Wakuu! Na watu wakacheka! Mama kakiweka kile kifimbo chini taratibu, akajifuta kiganja kwenye khanga, akanyamaza mpaka tunaondoka.

Halafu ndiyo akamwaga somo: eti mama kapungukiwa fosfatidilserini, seli za ubongo zimekauka, stresi inamalizia zilizobaki. Chupa ya vidonge 30 laki na themanini, ameze viwili kila siku, imethibitishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Akanigeukia mimi, "Kaka, mama ni mmoja." Yaani amtukane mama yangu, kisha mimi nimlipe!

Mnaona? Mbele ya wanafunzi wake?

Kisiki cha Mpingo:
Pole mkuu. Huyo mtu angeuza vidonge hata kwa maiti, angesema marehemu ana stresi.

Chumvi ya Mawe:
Tujibu swali kwanza. Tarehe alikuwa anaijua au haijui?

Mjukuu wa Mwalimu:
@Chumvi ya Mawe wewe ndo walewale mliocheka. Tulipofika nyumbani kanitajia tarehe, siku na mtakatifu wa siku hiyo. Hoja siyo tarehe! Hoja ni kumgeuza mtu mzima kielelezo. "Mnaona", kama anaonyesha ng'ombe mnadani!

Mama Zuu:
Na wewe ulikuwa umekaa hapohapo? Mama yangu aambiwe hivyo, ile laptop ningeifunga na vidole vyake vikiwa ndani.

Zamu ya Usiku:
Mimi nipo famasi, ngoja niwaambie kuhusu hiyo FDA anayotamba nayo. FDA haithibitishi virutubisho kabla havijaingia sokoni. Mwaka 2003 iliruhusu maneno fulani kwenye lebo za fosfatidilserini, na maneno yenyewe yanasema utafiti ni mdogo sana na wa awali, na ushahidi ni haba. Hicho ndicho anachokiita kuthibitishwa.

Fosfatidilserini ni mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli, kwenye ubongo yapo mengi, na mwili unayatengeneza wenyewe. Zamani vidonge vilitolewa kwenye ubongo wa ng'ombe, na majaribio ya Italia yaliyowapa watu moyo yalikuwa ya hivyo. Ukaja ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, viwanda vikahamia kwenye soya. Waholanzi wakaijaribu ya soya kwa wazee 120 wenye kusahausahau, wengine mg 300, wengine mg 600 kwa siku, wiki 12. Matokeo yalitoka 2001: hakuna tofauti na waliomeza vidonge vitupu. Ya stresi nayo, kuna majaribio madogo ya kushusha kotisoli, homoni ya stresi, kwa vijana wanaofanya mazoezi makali. Mama wa watu alikuwa amekaa mkekani anasali.

Na hakuna chuma cha kushika mkononi kinachopima mafuta ya ubongo. Hakuna.

Mjukuu wa Mwalimu:
@Zamu ya Usiku ubarikiwe sana. Nachapa hii, naibandika mlangoni kwa mwenyekiti.

Bint Kizota:
Nyinyi mmetukanwa tu, shukuruni. Kwetu Dodoma mwenzake alimwambia baba aache dawa za presha, "chupa hii inatosha". Baba kaanguka bafuni. Tuko hospitali, jamaa anapiga simu kuuliza kama tunaongeza chupa ya pili!

Zamu ya Usiku:
@Bint Kizota dawa ya presha haiachwi kwa neno la muuzaji. Mrudisheni kwa daktari wake.

Fundi Mkuu:
Hapo kwenye ubongo wa ng'ombe. Kwa hiyo sisi tunaokula ubongo Vingunguti kila Jumapili inakuwaje?

Kisiki cha Mpingo:
@Fundi Mkuu hata rimoti ya TV inakushinda. Tumeshapata majibu ya utafiti.

Mjukuu wa Mwalimu:
Jamani turudi kwenye mada. Mtu kamwambia mama yangu

Mama Zuu:
Mnajua mtaji kautoa wapi lakini? Kikoba chetu! Mweka hazina kamkopesha hela za mgao anunue katoni, wanachama hatujui. Tunaenda kugawana, tunakuta sanduku lina vidonge!

Saidi wa Kona:
@Mama Zuu acha kumchafua mweka hazina, kikao kilipitisha. Wewe hukuja kwa sababu una faini za kuchelewa rejesho.

Mama Zuu:
Faini gani? Daftari lilipotea wakati wako wewe ni katibu! Na shemeji yako amekopa mara mbili ya hisa zake, hilo kikao gani kilipitisha?

Chumvi ya Mawe:
Ongeza sauti Mama Zuu. Kikoba gani hicho, na mimi nina hisa zangu humo?

Saidi wa Kona:
Njoo PM.

Mama Zuu:
Hakuna cha PM, mwambie hapahapa!