Yule dada wa dirisha la pili leo kamdhalilisha mzee wangu, nimeshindwa kukaa kimya

Wana Arusha naandika bado natetemeka, nipo hapa Mnara wa Saa hata chai haipiti. Mnamjua nyote. Wa dirisha la pili pale ofisi ya pensheni, miwani inaning'inia kifuani, kucha ndefu za kuchimbia Tanzanite Mererani.

Mzee wangu ana miaka 56, kaendesha gari za watalii mpaka presha ikampiga stroku (kiharusi) ya pili, mkono ukarudi kumbukumbu ikagoma. Alisimama njia panda ya Makuyuni na wageni ndani ya gari hajui Tarangire ni mbele au kulia, njia ambayo zamani angepita amefumba macho. Kampuni ikamwambia kapumzike. Ndo tunafuatilia pensheni ya ulemavu, leo tumebeba faili kilo tano, picha za CT skani, barua ya daktari, yule dada hajafungua hata ukurasa anamwangalia mzee anasema, "Baba, kama umepoteza kumbukumbu mbona umekumbuka kuja ofisini?"

UMEKUMBUKA KUJA OFISINI. Nimemleta mimi!! Kwenye kifodi (daladala zetu ndogo) nimemshika mkono! Foleni ikacheka, mlinzi akacheka, nadhani na feni ilicheka. Mzee naye akacheka, hakujua anachekwa yeye.

Kisha kamuuliza mwaka wa kuzaliwa, mzee kataja, basi huyo mzima. Mambo ya utotoni anayo yote, muulize kama asubuhi kameza dawa ya presha hajui, na akiziruka ndo tunangoja stroku ya tatu. Eti umekumbuka kuja.

Meku_Kiboriloni: Pole mkuu. Ila hiyo ya kukumbuka ofisi nimecheka mtori umenipalia 😂😂

ChaliiSakina: Bora wako anaongea. Wa dirisha la tano aliniangalia tu huku anatafuna karanga.

MamaNgulelo: Acheni utani. Michango ya mzee kwenye mfuko wa pensheni ipo? Wanataka miezi 180, au 36 ambayo 12 iwe ile ya mwisho kabla ya ulemavu, na madaktari wathibitishe kapoteza theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato. Kucha hazimo kwenye fomu.

BaharishaTu: Michango ipi dada, bosi wangu alikuwa anakata kila mwezi, nimeenda kuangalia hajapeleka hata senti.

Meku_Kiboriloni: Yule wa Prado nyeupe?

BaharishaTu: Kumbe unamjua!!

MamaNgulelo: Shemeji yangu mdomo ulienda upande nusu saa ukarudi, wakasema kapitiwa na upepo. Kumbe ndo kiharusi kile cha onyo, wiki ileile akaanguka jumla. Ukiona hivyo hospitali muda huohuo, usisubiri eti umerudi.

ChaliiSakina: Upepo wa Sakina huo nini, maana huku ni vumbi tupu, barabara ya mtaa wetu diwani kaisahau, apelekwe na yeye dirisha la pili 😂

Mtoa mada: Mnahama mada. UMEKUMBUKA KUJA OFISINI jamani, mbele za watu!

Meku_Kiboriloni: Tumekusikia chalii. Kwanza mzee aache chumvi, nyie Arusha nyama choma mnazika kwenye chumvi.

BaharishaTu: Moshi nyie mna nyama? Ndizi mpaka kwenye pombe.

ChaliiSakina: Nje ya mada, konda wa kifodi cha Ngaramtoni ana jero (mia tano) yangu tangu jana.

BaharishaTu: Mwenye kofia ya Simba? Na mimi ana jero yangu!!