Seiko 5 inakimbia dakika 8 kwa siku na inasimama alfajiri, baada ya kutiwa mafuta ya cherehani. Naomba ushauri (Kisumu)

NyalendaB:
Wadau, hamjambo. Nina Seiko 5 ya otomatiki, nyuma imeandikwa 7S26 (jina la mashine yake), kifuniko cha nyuma ni cha kioo, krauni (kile kitufe cha pembeni cha kuzungusha) iko upande wa namba 4. Ilikuwa inachelewa kidogo, kama nusu dakika kwa siku. Fundi wa kibanda akaifungua, akadondosha mafuta ya cherehani, akafunga. Sasa inakimbia dakika 8 kwa siku. Nikiivua saa nne usiku, alfajiri naikuta imesimama. Juzi kioo kimeanza kushika ukungu kwa ndani. Je, fundi akirudisha tu kile kiwiko cha kurekebisha mwendo itatosha? Au ndiyo imekufa?

Mizani_KSM:
Haijafa, lakini usikubali mtu yeyote aguse kiwiko cha mwendo kwa sasa. Kiwiko hicho ni cha kusahihisha sekunde. Dakika 8 ni sekunde 480, na kosa la ukubwa huo lina chanzo chake. Ukilificha kwa kiwiko, mafuta yakihama kidogo saa itaanza kuchelewa vibaya.

Hivi ndivyo inavyotokea. Balansi ya 7S26, lile gurudumu linaloyumba huku na huku, hupiga mapigo 21,600 kwa saa moja, yaani 6 kwa sekunde. Mapigo hayo yanaongozwa na springi ya balansi, ule utepe mwembamba kuliko unywele uliojiviringa katikati. Mafuta yakiufikia, mizunguko miwili inashikana, na sehemu ya springi inayofanya kazi inakuwa fupi. Springi fupi ni ngumu zaidi, balansi inarudi haraka, saa inakimbia. Na haihitaji ufupi mwingi: mwendo hufuata kipeuo cha pili cha urefu, kwa hiyo ukipoteza asilimia 1 na kidogo tu ya urefu umeshapata dakika zako 8.

Sababu ya pili inayoleta dalili hiyohiyo ni sumaku. Mizunguko inavutana badala ya kunatana. Anza na hiyo, kwa sababu kuiondoa ni kazi ya nusu dakika na haihitaji kufungua saa.

Lanet_Saa:
Naunga mkono. Kuhusu kupima sumaku kwa dira ya simu: usiiamini sana. Bodi ya chuma (ganda la saa) na rota, ule uzito unaozunguka ndani na kuijaza saa, vinaweza kuivuruga hata kama springi ni safi. Tafuta fundi mwenye kile kisanduku cha kutoa sumaku. Saa iwekwe juu, kitufe kibonywe, kisha saa iondolewe polepole ikiwa kitufe bado kimebonywa, mpaka iwe mbali kama urefu wa mkono, ndipo kitufe kiachwe. Wengi huachia kitufe saa ikiwa bado juu ya kisanduku, na hapo wanaweza kuipa sumaku zaidi ya ile iliyokuja nayo. Vile visanduku vidogo vya plastiki hupata moto haraka, visibonywe zaidi ya sekunde chache.

Ukishaondoa sumaku, vaa siku moja. Ikirudi kwenye sekunde, umepona upande huo. Ikibaki dakika 8, ni mafuta. Na acha kuilaza juu ya spika au kwenye kifuniko cha simu chenye sumaku.

dala_kibuye:
Si apige WD-40 kidogo itoe yale mafuta ya cherehani? Kwenye baiskeli inafanya kazi.

Mizani_KSM:
Hapana kabisa, ndugu yangu. WD-40 huacha utando, na utando kwenye springi ya balansi ndio ugonjwa wenyewe tunaouzungumzia.

Fundi_Kakamega:
Mmemjibu kuhusu kukimbia, ila kusimama alfajiri ni jambo lingine, na ndilo litakaloamua gharama.

7S26 iliyojaa hukaa zaidi ya saa 40 bila kuvaliwa. Kusimama baada ya saa sita au saba kuna maana tatu, na kipimo cha kuzitenganisha ni rahisi. Mashine hii haijazwi kwa krauni, krauni ni ya kurekebisha tu. Kwa hiyo shika saa, uitikise kwa mlalo, kushoto na kulia, kwa dakika kadhaa, kisha ivae siku nzima ukiwa unatembea. Jioni ilaze uso juu, andika saa uliyoilaza, na uandike saa iliposimama.

Ikifika saa 35 au zaidi, mashine ni nzima, ulikuwa huijazi vya kutosha. Mtu anayeshinda mezani anaweza kuivaa mchana kutwa na isijae.

Ikisimama mapema lakini rota inazunguka kwa uhuru, nashuku sehemu mbili. Kwanza ni ule mkono wa vidole viwili ulio chini ya rota, unaovuta na kusukuma gurudumu la kujaza. Ukinata kwa mafuta machafu, kidole kimoja hakishiki meno, na nusu ya mwendo wa rota inapotea. Pili ni kikopo cha springi kuu, ile inayohifadhi nguvu ya saa. Katika saa ya otomatiki springi kuu haifungwi kabisa kwenye ukuta wa kikopo: ikijaa inateleza, ili isikatike. Inashikiliwa na grisi nzito ya breki iliyopakwa ukutani. Mafuta mepesi ya cherehani yakiingia humo, grisi inayeyuka, na springi inateleza ikiwa bado haijajaa hata nusu. Rota itazunguka kutwa bila faida.

Ikiwa rota inakwaruza au inagonga mfuniko, hapo shida ni bearing yake au skrubu ya kati iliyolegea. Kaza kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine.

NyalendaB:
Asanteni sana. Sumaku imetolewa, bado inakimbia dakika 7 na kitu. Nimeitikisa na kuivaa kutwa, imelala na kusimama baada ya saa 11. Rota haikwaruzi. Kwa hiyo ni usafi kamili? Na nimwambie fundi afanye nini hasa, maana sitaki tena mtu wa kudondosha?

Fundi_Kakamega:
Saa 11 baada ya kutikiswa vizuri: kikopo au vidole vya kujazia, na springi ya balansi ina mafuta. Ni kufungua yote. Nitaandika kwa urefu ili ujue unachokilipia.

Nguvu ya springi kuu iachiliwe kwanza. Bisibisi kwenye skrubu ya gurudumu la juu ya kikopo, kizuizi kisogezwe, gurudumu liachwe lirudi polepole mkononi. Likiruka lenyewe linaweza kuvunja meno. Balansi itoke kabla ya paleti (kile kiuma kinachoachia gurudumu jino moja moja), na paleti isiguswe kama bado kuna nguvu kwenye magurudumu. Upande wa kalenda kuna kipete kidogo kinachoshikilia sahani ya siku. Kikichomolewa bila kufunikwa kwa kidole au plastiki, hukipati tena. Hicho na viklipu vya mawe ya Diashock (mawe ya balansi yanayokinga mshtuko) ndivyo vinavyopotea mara nyingi zaidi kwenye mashine hii.

Kuosha: benzini safi, au mafuta ya laita yasiyo na manukato. Petroli ya gari haifai, ina viungo vinavyobaki. Mafuta ya taa yanaacha ukungu wa mafuta. Spiriti pia ina hatari yake: yale mawe mawili ya paleti yamegandishwa kwa lakri ya asili, na lakri hiyo huyeyuka kwenye spiriti. Paleti na balansi zisilowekwe humo. Balansi iogeshwe kwenye benzini ikiwa imening'inia kwenye daraja lake, itikiswe taratibu, ikaushwe kwa kipulizio cha mkono, si kwa mdomo. Pumzi ina unyevu. Kila tundu la jiwe lisafishwe kwa kijiti cha mti kilichochongwa ncha, na kijiti kichongwe upya mpaka kitoke cheupe. Fundi anayeruka hatua hii hajasafisha, ameosha tu.

Kisha mafuta, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Mafuta mepesi ya saa ya aina ya Moebius 9010 (namba zinazofuata nazo ni za Moebius) kwa ncha za magurudumu ya kasi na kwa mawe ya balansi. Kwenye jiwe la juu la Diashock tone lichukue kama nusu mpaka theluthi mbili za upana wa jiwe, lisiguse ukingo, maana likigusa linanyonywa lote kwenda pembeni. 9415 kwenye mawe ya paleti, kiasi kidogo sana, halafu gurudumu la meno marefu lizungushwe ili lijipake lenyewe. Mafuta mazito au grisi kwa ncha za kikopo na vyuma vya krauni. Ukuta wa kikopo upakwe grisi ya breki, 8217, kwa vidoa vichache tu. Seiko huuza kikopo hiki kizima na springi ndani, na kama cha kwako kimelowa mafuta, kubadilisha ni haraka kuliko kukiosha.

Visipakwe chochote: meno ya magurudumu, ncha za mhimili wa paleti, springi ya balansi. Mtu akikuambia meno yanahitaji mafuta ili yasilike, chukua saa yako uondoke.

Lanet_Saa:
Ongeza hapo: kwenye daraja la balansi ya 7S26 kuna viwiko viwili vilivyokaribiana. Kimoja ni cha mwendo. Kingine kinashika mwisho wa springi, na kinasahihisha ulinganifu wa mapigo, tiki na taka. Wengi wakitaka kupunguza kasi husukuma vyote viwili pamoja. Saa itakwenda, lakini kwa kuchechemea, na ikisimama haitaanza yenyewe mpaka uitikise.

Dai iwekwe kwenye mashine ya kupimia mwendo kabla na baada, pembe ya kuinua (lift angle) iwekwe nyuzi 53, ambayo ndiyo ya 7S26. Ikiwa imejaa na imelala uso juu, balansi ikiyumba nyuzi 250 na zaidi nimeridhika. Chini ya 200 baada ya kuoshwa, kuna kitu kimebaki kichafu au kikopo ni dhaifu. Tofauti ya tiki na taka iwe chini ya milisekunde 1. Kuhusu mwendo usiwe mkali mno: kiwango cha Seiko kwa mashine hii ni kati ya kuchelewa sekunde 20 na kutangulia sekunde 40 kwa siku. Ile nusu dakika iliyokupeleka kibandani ilikuwa imepita mpaka kidogo tu.

Otonglo_Mech:
Mimi nina maoni tofauti. Usafi wote huo, kwa mtu mwenye vifaa na mafuta halisi, ni kazi ya masaa. Kuna mashine mpya inaitwa NH36, nayo inatoka Seiko, inakaa kwenye bodi ileile, uso unaingia, akrabu zilezile zinaingia, mapigo ni 21,600 vilevile. Zaidi ya hapo inajazwa kwa krauni, na ukivuta krauni sekunde inasimama. Linganisha bei zote mbili kabla hujaamua.

Ila angalia kitu kimoja. Krauni yako iko namba 4. NH36 zipo za krauni namba 3 na zipo za krauni karibu na namba 4. Ukiletewa ya namba 3, siku na tarehe zitatokea zimepinda au nje ya dirisha. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Mizani_KSM:
Hoja nzuri, na kwa saa ya kawaida ya mtumba pale soko la Kibuye ningesema badilisha. Kama saa ni ya mzee au unataka ibaki na mashine yake, osha. Vyovyote vile, ule ukungu usisahaulike, maana mashine mpya ndani ya bodi inayovuja itapata kutu vilevile.

Hewa ya kandokando ya ziwa ina unyevu, na saa iliyofungwa na gasketi kavu huuvuta kila ikipoa usiku. Gasketi ya mfuniko wa nyuma ibadilishwe, si kupinduliwa. Ipakwe silikoni kidogo, ing'ae tu, isichuruzike. Krauni ya Seiko 5 hii haijikazi kwa skrubu, gasketi yake iko ndani, na ikichoka kwa kawaida krauni nzima hubadilishwa. Bodi ipimwe kwa hewa kabla mashine haijarudishwa ndani. Wakati unasubiri fundi, vuta krauni nje, weka saa kwenye kopo pamoja na vifuko vya silika. Usiizike kwenye mchele, vumbi lake litaingia kwenye stemu (kijiti cha krauni).

NyalendaB:
Ni ya marehemu baba, kwa hiyo nitaosha. Nimempata fundi Nakuru mwenye mashine ya kupimia. Nitume kwa matatu?

Lanet_Saa:
Tuma kwa kampuni inayokupa risiti yenye namba ya mzigo. Piga picha uso, nyuma na namba ya usajili kabla ya kufunga. Mkanda wa chuma usilale juu ya kioo. Funga saa peke yake kwenye kitambaa, kisha kopo gumu. Andika kwenye karatasi ndani: "Imetiwa mafuta ya cherehani, sumaku imetolewa, inakimbia dakika 7, inakaa saa 11. Osha yote, badilisha kikopo na gasketi, nirudishie vya zamani." Fundi akiona hivyo hataanza kwa kubahatisha.

Ikirudi, usirekebishe tarehe kwa krauni akrabu zikiwa kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Muda huo meno ya kalenda yameshikana, na ukilazimisha yanakatika. Peleka kwanza akrabu mpaka saa kumi na mbili (akrabu fupi kwenye namba 6), kisha badilisha.

NyalendaB:
Nimeelewa. Mzigo unaondoka kesho asubuhi, nitaleta karatasi ya kipimo hapa ikirudi.