Rimu za inchi 17 kwenye Premio: nichukue au nibaki na 15?

MwanaMafinga: Wakuu, usingizi umekata. Nina Premio ya 2003, inatembelea tairi za 195/65R15 na rimu za chuma. Nimeona sport rimu za 17 Ilala, kali sana, zina tairi zake 205/50. Kila mwezi napanda Mafinga na familia. Zitanisumbua?

Spana14: Kimo cha tairi hakibadiliki sana, zote zinacheza kwenye sentimita 63. Kinachopungua ni ubavu, kutoka kama sentimita 12.7 hadi 10. Shimo moja usiku, rimu imepinda. Soma na tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019.

BabaWawili: Mimi tairi ilinipasukia Ruaha Mbuyuni saa nane usiku. Wife alininunia mpaka Makambako.

MamaNtilie: Ada za watoto umemaliza kulipa? Wanaume na mapambo ya gari, jamani.

Spana14: Mkuu, rimu zimetoka gari gani? Mbona hulisemi?

MwanaMafinga: Harrier. Matundu hayalingani kidogo, fundi atayatanua. Ni matano kama yangu, na fundi ni mzoefu. Halafu nimeshatanguliza laki mbili.

Spana14: Kumbe! Nati za Premio zimepangwa kwenye duara la milimita 100, za Harrier 114.3. Ukitanua tundu, nati haikai kwenye kiti chake. Rimu inacheza, nati zinalegea, stadi (bolti zinazoshika gurudumu) zinakatika. Unataka hayo yakukute unashuka mlima Kitonga na watoto nyuma?

Kijiwe_Nongwa: Acheni kuhangaika, hii chai. Wiki iliyopita huyu huyu aliuliza mafuta ya IST. Leo ana Premio?

BabaWawili: Duh, nami nimeanza kushtuka.

MwanaMafinga: IST ni ya mke wangu. Ni ile ya toleo la kwanza, ina nati nne kila gurudumu, nenda kahesabu hapo mtaani. Yangu ina tano. Ningekuwa natunga, ningejitungia aibu ya laki mbili?

MamaNtilie: Pole baba. Kadai wakurudishie hiyo hela.

Spana14: Wakigoma kurudisha, wakubadilishie na rimu za duara la 100, saizi 15 au 16, hata ukiongeza kidogo. Ila drili isiguse kitu.

MwanaMafinga: Kesho saa mbili asubuhi niko dukani. Hizo za 16, nyeusi huwa zinapatikana?