Kiingereza cha kwenye simu: darasa la jioni, vipindi vya polepole, filamu, au mtu wa kuongea naye?

Binti_Amu
Hamjambo wote. Mimi mzaliwa wa Lamu, nina mwaka mmoja Nairobi, napokea simu katika kampuni ndogo ya safari huku Westlands. Barua pepe za wageni nasoma na kujibu bila taabu. Simu ndiyo inanishinda. Wiki iliyopita Mmarekani alipiga kuagiza gari la Amboseli, nikaandika tarehe 30. Kumbe alisema 13. Siku hiyo alikuwa amekaa hotelini na mabegi yake, hakuna gari. Nililia, na sitaki lirudi tena.

Nina kama saa moja kwa siku, nusu yake ndani ya matatu. Nimefikiria mambo manne: darasa la jioni mjini, vipindi vya Kiingereza cha polepole, filamu zenye maandishi chini, au kutafuta mtu wa kuongea naye. Nianze na lipi?

Mwalimu_Buruburu
Binti yangu, pole sana. Masikio yako hayana kasoro. Sisi Kiswahili chetu kila irabu hupewa haki yake, na mkazo unajulikana unakaa wapi: silabi ya pili kutoka mwisho. Mwingereza hushika silabi moja akaibana, zilizobaki akazimeza. Wewe unasubiri "what do you want" maneno manne, yeye anatoa "wadayawont" kwa pumzi moja. "Comfortable" umeisoma silabi nne, utaisikia "kamftabo".

Sasa hilo la 13 na 30. "Thirteenth" ina silabi mbili, uzito uko mwishoni. "Thirtieth" ina tatu, uzito uko mwanzoni. Lakini usiutegemee mkazo peke yake, maana akisema "thirteen people" uzito huhamia mbele na unarudi palepale kwenye mashaka. Dawa ni kumrudishia tarakimu mojamoja: "one three?" Hakuna mgeni atakayechukia.

Tena simu yenyewe inakuonea. Simu ya kawaida kwa miaka mingi imebeba sauti za kati ya herzi 300 na 3,400 tu (herzi ni kipimo cha sauti, nene au nyembamba), na kinachotenganisha "s" na "f" kiko juu zaidi ya hapo. Ndiyo maana hata Waingereza wenyewe wakitaja jina kwenye simu hutaja herufi mojamoja.

Darasa la jioni nimelifundisha miaka mingi, kwa hiyo nasema kwa moyo mweupe: kwa shida yako, pesa hiyo iweke. Mko watu ishirini, kila mmoja anaongea dakika tatu, na mwalimu ni Mkenya kama mimi, ambaye Kiingereza chake tayari unakielewa.

Dereva_wa_Mbugani
Mimi nasema mtu, mtu, mtu. Nimeendesha wageni tangu 2009, na sikio langu limefunguliwa na watu waliokaa kiti cha mbele. Kaseti haikuulizi swali. Mtu unamwambia "sorry, say that again", anarudia kwa njia nyingine, na hapo ndipo unapata.

Moja nililojifunza barabara ya Namanga: Mmarekani akisema "I can go", hiyo "can" huisikii vizuri, ni kama "kn". Akisema "I can't go", ile "t" inafia kooni, lakini "kan" inatoka nzima, nzito. Kwa hiyo ukiisikia "kan" imesimama wazi, jihadhari, huenda anakataa. Mwingereza wa London hana shida hiyo, yeye anasema "kaant" unaisikia hadi nje.

Bando_Ndogo
Kaka Dereva, Binti atampata wapi Mmarekani saa kumi na mbili asubuhi kwenye matatu ya Kangemi? Tuwe wakweli kuhusu muda wake.

Vipindi vya polepole nimevitumia. Special English ya VOA ilianza 1959: maneno kama 1,500, sentensi fupi, kasi ya theluthi mbili ya kawaida. Mwanzo ni vizuri, inakupa moyo. Mimi nilikaa humo miezi minane nikidhani naendelea, na siku nilipopokea simu ya kweli nikawa palepale. Wanaotangaza polepole hawamezi silabi, na kumeza ndiko kunakokutatiza wewe.

Bora 6 Minute English ya BBC. Watu wawili wanaongea, na maandishi ya kipindi kizima yanapatikana bure. Pakua kazini penye waifai, bando lako lisiguswe. Chukua dakika MOJA tu. Sikiliza mara tatu bila kuangalia, andika unachosikia, kisha fungua maandishi na upige mstari chini ya kila kilichokupita. Kesho rudia dakika ileile. Filamu niliziacha: maandishi yakiwepo jicho linasoma, sikio linalala.

Muuguzi_Leeds
Nimetoka Kayole, sasa niko wodini Leeds, Uingereza. Kabla ya kuja nilisikiliza kanda za IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, usiku na mchana: maswali 40, sauti unaisikia mara moja tu. Zilinifundisha kutulia hata neno likinipita, na hilo naliheshimu. Lakini hazikuniambia kwamba wenzangu wakipishana nami asubuhi wakasema "You all right?" hawaulizi kama naumwa. Ni "hujambo" yao, unajibu "yeah, you?" na unapita. Au bibi mgonjwa aniambie "I need to spend a penny", nami natafuta mkoba wake, kumbe anataka kwenda msalani. Nilimwona uso wake alipochelewa, na bado unaniuma.

Kwa hiyo, Binti, filamu usizitupe. Tamthilia za mtaani, za majirani na jikoni, ndimo lugha hiyo iliko. Tazama kipande kwanza bila maandishi, halafu na ya Kiingereza, usiweke ya Kiswahili.

Mwalimu_Buruburu
Muuguzi amesema kweli, hapo nakubali kusahihishwa. Na Dereva pia: mtu ni lazima, ila sikio likiwa limeandaliwa kwanza.

Binti_Amu
Ahsanteni, nimesoma kila neno. Jana nilifanya ile dakika moja, hedifoni masikioni kutoka Kangemi hadi Westlands. Nilipofungua maandishi jioni nilikuta yaliyonipita kumi na moja, na hakuna hata moja gumu. Ni "of", "to", "have", "them". "Should have" niliandika "shuda", nikaitafuta kwenye kamusi.

Asubuhi nitashika dakika hizo, Jumapili tamthilia. Darasa nimeliacha. Kaka Dereva, kiti cha mbele sina, lakini bosi amekubali niende uwanja wa ndege Ijumaa kupokea wageni wanne wa Ohio.

Dereva_wa_Mbugani
Foleni ya Mombasa Road itakupa saa nzima nao. Waulize safari yao ya ndege ilikuwaje, kisha wewe nyamaza.

Binti_Amu
Sawa kaka. Na pembeni ya simu nimebandika karatasi: "That's one three, the thirteenth, yes?" Leo nimeitumia mara mbili.