UMITASHUMTA: Walimu mnaochezesha mamluki, mnawafundisha nini watoto wetu?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo acha niseme.

UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, ngazi ya kata huku kwetu imeisha, na timu iliyobeba kombe imechezesha mamluki, yaani wachezaji wasiostahili, mchana kweupe. Sisemi kila mtoto mrefu ni mamluki, wapo walioanza shule wamechelewa. Lakini straika wao tunamfahamu, anaendesha bodaboda hapa senta! Mwalimu anamwita kwa jina lililo kwenye fomu, jamaa hageuki mpaka mwenzake anamgusa bega. Na fomu ina picha na mhuri wa mwalimu mkuu. Yaani watu wazima wamekaa ofisini wakapanga uongo, wakaugongea mhuri, kisha wakawaambia watoto wanyamaze. Wale watoto wanajua kila kitu. Wanajua hata mwenzao aliyepokonywa namba ili huyo acheze.

Tulipolalamika tukaambiwa, "Kwani nyie hamtaki kata ipeleke timu kali wilayani?" Jamani!

Mwanangu ni beki. Filimbi ya mwisho ilipolia alimfuata yule straika akampa mkono, kama tulivyomfundisha. Kesho yake ananiuliza kwa nini mwalimu wao naye hakutafuta mamluki. Mimi mzazi nimjibu nini?

Mnakumbuka Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, 2017? Tulikwenda Gabon kwenye AFCON ya chini ya miaka 17 kwa sababu shirikisho letu la soka, TFF, lililalamikia umri wa mchezaji wa Congo Brazzaville. Shirikisho la soka Afrika, CAF, likaagiza apimwe, hakutokea, timu yao ikaondolewa, sisi tukapewa nafasi. Tulishangilia nchi nzima. Kumbe udanganyifu unatuuma tukifanyiwa, tukifanya sisi unaitwa mbinu?

Hapa hata kipimo cha umri cha MRI hakihitajiki. Rejesta ya mahudhurio ipo, namba ya PREM, yaani ya usajili, ya kila mwanafunzi ipo. Afisa michezo akiamua kukagua anawabaini wote kabla mpira haujawekwa kati.

Ninachotaka: kombe lirudishwe, na aliyegonga mhuri awajibishwe yeye. Msiwafungie watoto, hawakujaza fomu wao. Yule aliyepokonywa namba apewe nafasi ya kujaribiwa kwenye timu ya kata.

Barua tumeshapeleka, hadi sasa kimya. Mwenye uzoefu wa kukata rufaa wilayani atuelekeze haraka, timu ya kata inaingia kambini muda wowote.