Mtoto yuko darasa la nne lakini anasoma picha

MamaWaMwaloni:
Habari za jioni jamani. Mimi naanika dagaa hapa Katonga, Kigoma. Mwanangu wa pili yuko darasa la nne, ripoti zake zote "wastani". Juzi ananisomea kitabu cha Kiswahili, anateleza kama mtangazaji. Kugeuka, kidole kiko mstari wa juu, mdomo uko mstari wa chini! Nikaziba picha kwa kiganja. Kimya. Nikamwandikia NYANYA mchangani, akasoma "na-ya-na-ya". Ba be bi bo bu anazijua zote, ila herufi zikibanana tu, kwisha habari.

Upimaji wa kitaifa wa la nne uko mbele. Mume wangu anataka tuuze injini moja ya mtumbwi, tumpeleke ingilishi midiamu. Mimi roho inasita. Mnanishauri nini?

TichaUvinza:
Mama, injini usiuze. Huyo hajaweza kusoma "nyanya" kwa lugha anayoota nayo, sasa umtwike na Kiingereza? Hizo nya, mwa, ng'o ni silabi mwambatano, kazi ya la kwanza na la pili kwenye KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), na haziingii mpaka mwalimu amsikilize mtoto mmoja mmoja. Kiwango ni watoto 45 darasani. Mimi ninao 127. Kila mmoja nikimpa dakika moja, saa mbili zimekatika na wengine wako juu ya madirisha. Tena anayekariri huitikia kwa sauti kuliko anayejua, anatupita hivihivi.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walimiminika, na ni heri. Ila ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na humo humo kuna fungu la vitabu.

Nikuulize: wakati wa giza, zile siku usiku hauna mbalamwezi na dagaa wanavuliwa, anakuja shule?

BabaKasulu:
Ticha, mimi wangu nilimhamishia hizo za kulipia na sijuti. Alianza la kwanza anajua Kiha tu, Kiswahili chenyewe kilikuwa kigeni. Leo anasoma. Ingawa nikisema kweli, kule wako 30 darasani. Labda nililipia hao 30, si Kiingereza.

MamaWaMwaloni:
Ticha umenishika pabaya. Wakati wa giza akienda shule ni bahati. Vipe, mitumbwi ya dagaa, vinaingia alfajiri, dagaa hawasubiri mtu, lazima wapate jua mapema na kugeuzwa, na mikono yangu ni miwili. Mbalamwezi ikitoka ndiyo anaenda kila siku. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa tusivue kuanzia Mei hadi Agosti, ukitoa likizo ya Juni, hakukosa hata siku moja, na njaa yetu ile. Ndipo alipoanza kusoma majina mafupi ya mitumbwi.

TichaUvinza:
Basi shika hapo hapo kwenye mitumbwi. Haina picha ya kumsaidia. Majina matatu kila siku, akikwama usimtajie, mpigie makofi silabi kwa silabi. Na siku za giza, akishageuza dagaa mara ya kwanza mwachie aje hata kachelewa. Mwalimu wake kamwone wewe mwenyewe, usitume mtu.

MamaWaMwaloni:
Asante Ticha. Leo amesimama mbele ya NYOTA NJEMA mpaka mwenye mtumbwi akauliza kuna nini. "Nyo" ameipata, "nje" bado. Baba yake akirudi ziwani naongea naye habari ya injini.